Taa ya injini ikiwaka kwenye pikapu ya komite: tuangalie nini kwanza?



Katika vijiji vingi vya Kivu ya Kaskazini na Ituri, gari la watu wote ni pikapu moja ya mazuti, iliyotumika tayari Ulaya au Dubai kabla ya kufika kwetu. Asubuhi inabeba maharagwe, mchana inabeba mabashi na mbao, usiku inamkimbiza mama anayetaka kujifungua. Gari hilo likilala, kijiji kizima kinajua.

Niliitwa siku moja karibu na Beni kwa ajili ya gari la namna hiyo. Taa ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini iliwaka, na gari likakosa nguvu kwenye kila mlima. Wahamishwa walisema shofa, mwenyeji wa pale, anauza mazuti usiku na kujazia maji. Wenyeji walisema wahamishwa ndio wameliua kwa mizigo. Mzee wa mtaa alichukua ufunguo ili watu wasipigane. Gari lilikuwa limelala siku kumi na tisa, na wagonjwa walibebwa kwa kipoyi. Hakuna aliyekuwa ameuliza gari lenyewe linasema nini.

Gari linaongea namna gani?

Pikapu ya mazuti ya miaka hii ina kompyuta inayopima hewa, joto, mafuta na moshi. Ikiona kipimo kimetoka nje ya mpaka wake, inawasha taa na kuandika namba ndani ya kumbukumbu yake. (Land Cruiser za zamani zenye injini ya 1HZ hazina mambo haya, ndiyo sababu mafundi wetu wengi wanazipenda hadi leo.)

Taa ya chungwa inayowaka bila kuzima haimaanishi simameni hapo hapo. Nendeni polepole, mfike, kisha mtafute fundi. Taa nyekundu ya oili au ya joto ni jambo lingine: zimeni injini mara moja, hata kama ni katikati ya mlima.

Ili kusoma namba, kuna tundu lenye nafasi 16 za pini chini ya usukani. Magari ya Marekani yalilazimishwa kuwa nalo tangu 1996, na magari madogo ya dizeli ya Ulaya kuanzia 2003 na 2004. Kifaa kidogo kinachomekwa pale na kuonyesha namba kwenye simu. Komite tatu au nne zinaweza kuchanga pesa na kununua kifaa kimoja, maana hakiishi.

Andikeni namba zote kwenye daftari kabla ya mtu yeyote kuzifuta. Fundi akifuta namba au akichomoa betri na kusema amemaliza, hajatengeneza kitu. Taa itazima, labda siku mbili, kisha itarudi, na ushahidi umepotea.

Namba mbili, kosa moja

Gari la Beni lilitoa P0401 na P0299. Ya kwanza inasema moshi unaorudishwa ndani ya injini ni kidogo kuliko unaotakiwa. Injini hizi zinarudisha sehemu ya moshi wake ili kupunguza joto la uunguzaji na gesi chafu ya nitrojeni, na mlango wa kazi hiyo unaitwa vani EGR. Namba ya pili inasema turbo haisukumi hewa ya kutosha.

Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kupita. Mmoja alitaka vani mpya, mwingine turbo mpya. Lakini namba inataja kipimo kilichokosewa, haitaji kipande kilichokufa. Zikitokea mbili pamoja, ulizeni kwanza: vitu hivi viwili vinashirikiana nini? Kwenye pikapu nyingi, vani na turbo vinavutwa na pampu moja ya kunyonya hewa, kupitia mipira myembamba. Tulipapasa mipira hiyo mmoja mmoja. Mmoja, usiopita unene wa kidole, ulikuwa umepasuka nyuma ya injini kwa joto. Tulikata kipande kipya, tukafuta namba, tukapanda mlima tukiwa na watu wanane nyuma. Taa haikurudi.

Shofa alirudishiwa ufunguo siku ile ile. Kwa vile aliitwa mwizi mbele ya watoto wake, aliomba mkutano uitishwe ili kipande kilichopasuka kionyeshwe kwa mkono, na kilionyeshwa. Kuna waliosikia na kuna ambao hawakusikia.

Jambo la kuangalia hapo: kwenye dizeli nyingi pampu hiyo ya kunyonya ndiyo pia inayosaidia breki. Kanyagio la breki likiwa gumu pamoja na taa hizo, msiendeshe.

Kama mipira ni mizima na P0401 inabaki, basi vani yenyewe pengine imejaa masizi. Inafunguliwa, inasuguliwa kwa brashi na dawa ya kusafishia kabureta, na kufungwa kwa gasketi mpya. P0402 ni kinyume chake: vani imekwama wazi, moshi ni mweusi. P0403 ni ya umeme, kwa hiyo tazameni waya na soketi yake kabla ya kununua chochote. Ikija P0101, angalieni filta ya hewa na kipima hewa kilicho karibu nayo. Vumbi la barabara zetu linakichafua haraka, nacho kinasafishwa kwa dawa yake maalum, si kwa kidole wala kitambaa.

Chujio la masizi

Hapa ndipo magari yaliyotoka Ulaya yanatusumbua zaidi. Ndani ya bomba la moshi kuna chujio linaloitwa FAP. Linashika masizi, na likijaa, kompyuta inaongeza mafuta ili joto lifike karibu nyuzi 600 na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka injini iliyopata moto na mwendo usiokatika, dakika kumi na tano hadi nusu saa. Sasa fikirini maisha ya gari la komite: kambini hadi kisimani, kisimani hadi soko, simama, zima, washa. Masizi hayapati nafasi ya kuungua.

Namba za huko ni P2463, masizi yamezidi, na P2002, chujio halifanyi kazi yake. Kabla ya kulilaumu chujio, tazameni mipira miwili myembamba inayokwenda kwenye kipima shinikizo chake. Ukipasuka au kuziba mmoja, kompyuta inadanganyika. P2452 na P2453 zinaelekeza huko huko. Kumbukeni pia kwamba kwenye magari mengi kompyuta inakataa kuunguza masizi kama kosa la EGR bado lipo, au kama mafuta ndani ya tangi ni kidogo mno. Tengenezeni hayo kwanza, kisha mpeni shofa ruhusa ya safari moja ndefu barabara nzuri ikiwepo. Likishindwa, fundi mwenye mashine anaweza kuliunguza gari likiwa limesimama.

Mambo mawili ya hatari hapa. Gari linapounguza masizi, bomba lina moto mkali sana: msiliegeshe juu ya nyasi kavu wala kando ya mabashi na vibanda vya majani. Na kama kazi hiyo inakatishwa mara kwa mara, mazuti yanashuka ndani ya oili. Vuteni kijiti cha oili kila juma. Oili ikipanda badala ya kushuka, na inanuka mazuti, si baraka. Ibadilishwe kabla injini haijafa. Oili mpya iwe ile ya magari yenye FAP, maana majivu ya oili ya kawaida hayaungui kamwe, yanabaki ndani ya chujio.

Mazuti ya bidoni

Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi salfa 50 kwa milioni kuanzia 2015, na Kongo iliingia katika jumuiya hiyo mwaka 2022. Lakini mazuti ya chupa na bidoni kando ya barabara, kwa wale tunaowaita Kadhafi, hakuna anayejua yamepita wapi. Salfa inalichosha chujio, na petroli ya taa au maji yaliyochanganywa yanaua pampu na sindano za mafuta. P0087, shinikizo dogo la mafuta, mara nyingi inaanzia kwenye filta iliyoziba. Kitambaa hakizuii maji. Acheni bidoni itulie usiku mzima, msimimine ile ya chini, na mfungulie kizibo cha maji chini ya filta mara kwa mara.

Maji yakionekana, msikimbilie kumshika shofa. Maji yanaweza kuingia kwa muuzaji, kwa mvua, au kwa mfuniko wa tangi usiofunga.

Na pikapu zenye AdBlue? Ni maji safi yenye urea asilimia 32.5, yanayomiminwa katika tangi lake peke yake. Yakikosekana, gari nyingi zinahesabu kilomita, kisha zinakataa kuwaka. P20EE na P207F zinatoka upande huo. Msitengeneze yenu kwa mbolea na maji ya mto. Chumvi zake zinaziba kila kitu. Na ikimiminwa kwa makosa ndani ya tangi la mazuti, msiwashe hata kontakti. Ushauri wangu: kama mahali penu AdBlue haipatikani, msinunue gari la namna hiyo, hata likiuzwa kwa bei ya huruma.

Wengine wanakata FAP na kuweka bomba tupu. Gari linapata nguvu, lakini kompyuta inaendelea kulalamika mpaka ibadilishwe programu, na moshi unaingia katika pua za watoto waliopanda nyuma. Mwaka 2012 idara ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani iliuweka moshi wa dizeli kati ya vitu vinavyosababisha ugonjwa huo.

Mkienda kununua

Washeni kontakti bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Kama haiwaki kabisa, huenda muuzaji ameichomoa. Mkiwa na kifaa, tazameni pia kama majaribio ya kompyuta yamekamilika. Kama mengi yanaonyesha hayajamalizika, huenda namba zimefutwa asubuhi ile. Omba muendeshe nusu saa, mlima ukiwemo, kisha msome tena.

Na siku gari likifika, fungueni daftari: tarehe, kilomita, lita, mahali mazuti yaliponunuliwa, kiasi cha oili kwenye kijiti, namba zilizosomwa na nani alizisoma. Liandikwe na shofa, lishikwe na mama mmoja wa wahamishwa na mzee mmoja wa wenyeji, na lilale nje ya gari.