Mafunjo si Takataka

Ukisimama kando ya kinamasi cha Yala, kule Siaya, unaona nini? Wengine husema, "Ni magugu tu. Choma, tupande sukuma wiki." Hebu tungoje kidogo.

Hayo ni mafunjo, ambayo Waluo huita togo. Ndiyo yanayotupatia mikeka na vikapu. Mto Yala unaposhuka na tope, mashina na mizizi yake hulizuia, ili maji yanayofika Ziwa Victoria yawe safi zaidi. Nzohe, yule mnyama mwenye kwato ndefu za kutembelea matopeni, hujificha humo. Na katika Ziwa Kanyaboli, lililo ndani ya kinamasi, bado kuna ngege wa asili, ambaye karibu atoweke kabisa katika Ziwa Victoria baada ya mbuta na samaki wengine wageni kuletwa katika miaka ya 1950.

Hatusemi mtu asikate mafunjo. Kina mama wa mikeka watakula nini? Tunasema hivi:

1. Kata mashina yaliyokomaa, uache mizizi matopeni. Ndiko yanakochipukia tena.

2. Kata sehemu moja, ingine ipumzike. Yakikatwa kila mara hudhoofika.

3. Usichome, hasa wakati wa kiangazi. Udongo ukiwa mkavu, moto hufika mizizini.

Ukikata vizuri, utarudi kukata tena. Ukimaliza mizizi, utabaki kununua mkeka wa plastiki sokoni, na samaki pia.