Herufi zenye alama juu si urembo

Wapo watu, na baadhi yao ni walimu wenzangu, wanaoshikilia kwamba ile alama ndogo iwekwayo juu ya herufi ni urembo tu. Kwao, é ya Mfaransa na ö ya Mjerumani ni e na o zilizovishwa kofia, na kofia huvuliwa mlangoni bila mwenyewe kupungukiwa na chochote. La hasha! Mfaransa akiandika "pêcher" amesema kuvua samaki. Akiandika "pécher" amesema kutenda dhambi. Mjerumani akisema "schon" ana maana ya tayari, na "schön" ni kitu kizuri. Mwondolee alama hizo nawe umemwondolea neno.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya historia ya mfumo mmoja wa kuendeshea tarakilishi ambao wanafunzi wetu wengi huutumia bila kujua asili yake. Tarehe 25 Agosti, 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliyekuwa na umri wa miaka 21, alitangaza kwamba anatunga mfumo wake mwenyewe. Alitahadharisha kuwa ni kazi ya kujifurahisha tu wala haingekuwa kubwa. Mfumo huo ndio tuuitao Linux. Naye Torvalds ni Mfini wa jamii ndogo izungumzayo Kiswidi, na kibodi iliyokuwa mezani pake ilikuwa ya Kifini, yenye vitufe vya å, ä na ö.

Toleo la kwanza, lililotoka Septemba mwaka huo, lilijua kibodi hiyo moja tu. Mwenye kibodi ya Kimarekani aliyetaka kulijaribu alilazimika kurekebisha programu kwa mkono wake, la sivyo angebonyeza alama moja akaletewa nyingine. Kufikia toleo la 0.11, mwezi wa Desemba, watumiaji walikuwa wamekwisha kuchanga majedwali yao, na mtu aliweza kuchagua kibodi ya Kifini, ya Kimarekani, ya Kijerumani au ya Kifaransa. Asiyechagua alipewa ya Kifini. Nakiri kwamba jambo hilo hunifurahisha. Katika ulimwengu wa tarakilishi, ambako Mwingereza na Mmarekani wamezoea kukuta kila kitu kimepangwa kwa ajili yao, hapa Mmarekani alikuwa mgeni wa kubisha hodi.

Hata hivyo, usidhani kwamba Mfini mwenyewe alikuwa amestarehe. Katika matoleo hayo ya awali, kitufe cha ö kilitoa mstari wa wima, na vitufe vya å na ä vilitoa mabano yaliyopindwa. Sababu yake ni ya zamani. Orodha ya Kimarekani ya herufi za tarakilishi, iliyowekwa mwaka wa 1963, ilikuwa na nafasi 128 pekee, na hatimaye kila nafasi ikawa na mwenyewe. Wafini na Waswidi walipotaka herufi zao, iliwabidi wazikalishe mahali pa mabano na mstari. Ole wake mtunzi wa programu! Mabano hayo ndiyo uti wa mgongo wa lugha ya C, hivyo mtu alichagua ama kusoma programu iliyojaa ä na å mahali pa mabano, ama kukosa herufi za lugha ya mama yake.

Sasa natuangalie kitufe chenyewe kinavyofanya kazi, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hupotoka. Kitufe hakijui herufi. Katika tarakilishi ya kawaida ya wakati ule, kitufe kilicho mwanzo wa safu ya kati, upande wa kushoto, kikibonyezwa hutuma nambari 30. Kikiachiliwa hutuma 158, yaani 30 na 128. Basi. Kwamba nambari 30 ni "a" kwa Mmarekani na "q" kwa Mfaransa, hilo huamuliwa na jedwali lililomo ndani ya mfumo. Badilisha jedwali, na kibodi ile ile imebadilisha uraia.

Kuna vitufe vingine vyenye hila zaidi. Mfaransa hubonyeza alama ya ^ na asione kitu. Kisha hubonyeza e, ndipo ê ijitokezapo. Mfumo umeambiwa usubiri, ukumbuke, halafu uunganishe. Wengine hutumia kitufe cha Alt cha kulia: Mfini hukishikilia pamoja na 7 au 0 ili apate yale mabano niliyoyataja.

Herufi ikishapatikana, lazima iwe na nambari ambayo kila mashine inaikubali. Orodha iitwayo Latin-1, iliyotolewa mwaka wa 1987, ilipanua nafasi hadi 256 na kuipa é nambari 233. Lakini tarakilishi za IBM zilikuwa zimekwisha kuipa é nambari 130, na katika orodha yao 233 ilikuwa herufi ya Kigiriki, Θ. Barua ya Mfaransa ikafika kwa jirani yake na madoadoa ya Kigiriki! Dawa ikaja na Unicode, orodha inayokusudiwa kubeba maandishi ya lugha zote, na njia ya kuihifadhi iitwayo UTF-8, waliyoibuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka wa 1992. Humo é huchukua nambari mbili, 195 na 169. Programu isiyolijua hilo hufuta nusu ya herufi na kuacha nusu.

Mtauliza, haya ya Ulaya yatuhusu nini? Kiswahili kimebahatika, kwani hakihitaji alama yoyote juu ya herufi zake, ila kile kiritongo cha ng', ambacho nacho wanafunzi hukidharau hata wakachanganya kung'oa jino na kulia ngoa. Lakini Kenya si Kiswahili peke yake. Kikikuyu, Kikamba, Kiembu na Kimeru zina irabu saba, na mbili kati yazo huandikwa ĩ na ũ. Tazama ile Latin-1: utakuta ã, utakuta ñ, utakuta õ. ĩ na ũ hazimo. Nafasi 256 zilikatwa kwa kipimo cha Ulaya ya Magharibi. Wahenga walinena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hakuna Mkikuyu aliyekaa kwenye kamati ile.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuaga mwaka wa 2025, alichapisha Caitaani Mũtharaba-inĩ mwaka wa 1980. Hata hivyo jina lake limeandikwa mara nyingi mno bila alama zake, tena na watu wanaomsifu. Mimi mwenyewe nimewahi kukabidhiwa orodha ya wanafunzi, kutoka ofisi ambayo sitaitaja, ambamo kila ũ iligeuka alama ya kuuliza. Watoto waliitwa majina yenye maswali katikati, na karani akashangaa kwamba nimelalamika.

Udhuru wa kale umekwisha. Unicode inazo ĩ na ũ, na Linux leo ina mpangilio wa kibodi wa Kenya, ukiwemo wa Kikikuyu. Kilichobaki ni sisi walimu. Najua nitaambiwa kuwa silabasi imejaa na kwamba herufi hizi hazileti alama za mtihani. Lakini madarasa ya chini ya shule za msingi yanafunzwa lugha za kiasili, na mwalimu anayechapa kitabu cha hadithi cha Kikamba bila ũ anawafunza watoto kusoma neno ambalo halipo.

Jedwali la kibodi katika Linux ni faili ya maandishi ya kawaida, ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifungua, kuisoma na kuirekebisha katika vipindi viwili vya somo la tarakilishi. Kitufe cha Alt cha kulia hakina kazi kubwa katika kibodi zetu. Mwalimu na awaambie wanafunzi wake wakipe herufi hizo mbili, ndogo na kubwa, kisha kila mmoja aandike jina la nyanya yake jinsi nyanya mwenyewe alitamkavyo.