Kindu: mfuko wa chumvi unabebwa mara sita kabla ya kufika Kalima

Mfuko wa chumvi unaotoka Lubumbashi kwa treni kwenda Kalima, katika jimbo la Maniema, unabebwa mara sita. Unapakiwa Lubumbashi, unashushwa Kindu. Unapakiwa tena katika mtumbwi ili kuvuka mto Lualaba, unashushwa Alunguli. Halafu unapandishwa kwenye gari ao pikipiki, na unashushwa Kalima. Kila mara kuna mtu wa kulipwa. Anayewalipa wote ni mama anayenunua kipimo kimoja sokoni.

Kindu ilizaliwa kuwa mji wa kubadilisha chombo. Kampuni ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilijenga reli pale maporomoko yalipozuia mashua: Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125, mwaka 1906, kisha Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, mwaka 1911. Kati ya Ubundu na Kindu, mto ulifanya kazi ya barabara.

Mpango huo una sharti moja: chombo kimoja kingoje kingine. Treni ikichelewa, mashua inaondoka tupu ao inalala bandarini, na bidhaa zinaharibika. Leo treni ya SNCC haina siku ya uhakika, na barabara nyingi za Maniema hazipitiki vizuri wakati wa mvua.

Wanainchi wa Kindu hawawezi kujenga reli mpya. Lakini kuna mambo yaliyo karibu na mikono yao. Kwanza, wafanyabiashara wadogo wakinunua pamoja, wanajaza behewa moja na kugawana gharama. Pili, depo ya pamoja Alunguli, upande wa barabara ya Kalima na Pangi, ingewezesha kuvusha mzigo mwingi kwa siku moja na kuweka akiba kabla ya mvua. Tatu, chombo kisirudi tupu. Maniema inalima mchele na inatoa mafuta ya mawese. Gari lililoleta chumvi likirudi na mchele, safari moja inalipiwa na mizigo miwili.

Jambo hili si la wafanyabiashara peke yao. Chumvi inapopanda bei Kalima, mchele wa mkulima unabaki ghalani kwa kukosa gari. Ni njia ileile iliyofungwa, na inawaumiza watu pande zote mbili.