Huna ploti Kilimani? Bado kanuni za ujenzi zinakuhusu

Siku utakapopanda matatu ya 46 kutoka tao kwenda Kawangware, hebu toa macho kwenye simu ukifika Hurlingham. Hesabu kreni. Pale palipokuwa na nyumba moja ya vigae na bustani, sasa pana jengo ambalo lazima uinue shingo kuona paa lake.

Labda umejiambia: mimi sina ploti, haya mambo ya zoni ni ya matajiri. Hapo unajidanganya. Wewe ndiwe utakayepanga humo, au utakayepita hapo kwa miguu jioni mvua ikinyesha na majitaka yakifurika barabarani.

Zoni ni kanuni za Kaunti zinazosema mtaa fulani ujengwe nini na kwa kiasi gani. Tuseme ploti ina mita mraba 2,000. Kanuni ikiruhusu jengo kufunika asilimia 35, hizo ni mita mraba 700. Jumla ya sakafu zote ikiwekwa asilimia 75 ya ploti, unapata mita mraba 1,500, yaani orofa mbili na kidogo. Pandisha hiyo jumla hadi asilimia 300 na unapata mita mraba 6,000, zaidi ya orofa nane, kwenye ploti ile ile. Bomba la majitaka lililo nje nalo halijabadilika.

Mwongozo wa 2004 uliziweka Kilimani na Kileleshwa katika Zoni 4, kwa majengo yasiyozidi orofa nne. Baadaye ukaja mpango mkuu wa jiji wa 2014 hadi 2030, NIUPLAN, na Kaunti ikaanza kuandaa sera mpya ya kudhibiti ujenzi. Majengo hayakungoja. Ndiyo maana wakazi wa Rhapta Road, Westlands, walienda kortini kupinga majumba marefu, na swali likawa: ni kanuni ipi hasa inayotumika?

Linganisha na Railway City hapo katikati ya jiji, mradi uliozinduliwa Desemba 2022. Zile ekari 425 zinazozunguka stesheni ya reli zina mpango mmoja: barabara, nyumba, ofisi na usafiri vinafikiriwa pamoja. Kilimani inabadilika ploti moja moja, kila mwenye kiwanja na kibali chake. Hakuna anayejumlisha.

Sasa tusidanganyane. Wanaopinga ghorofa si wote wanaokutetea. Wengine wanataka tu mtaa ubaki wao, wenye magari na ua. Jiji hili linahitaji nyumba, na karibu na kazi. Kwa hivyo usiende kwenye kikao kusema "ndiyo" au "hapana" kwa ghorofa. Uliza: orofa zikiongezwa, maji yatatoka wapi? Nani atapanua bomba la majitaka, na lini? Njia ya watembea kwa miguu iko wapi? Kuna nyumba ngapi ambazo mtu wa mshahara wa kwanza anaweza kulipia?

Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inahesabu ushirikishi wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Haijasema wenye hati za ardhi pekee. Mpangaji pia ni mwananchi.

Basi fanya hivi. Ukiona bango la kubadilisha matumizi ya ardhi kwenye ua wa ploti, lipige picha na usome tarehe ya mwisho ya pingamizi. Kaunti ikitangaza kikao cha maoni, nenda na wenzako watatu, na mwasilishe hoja kwa maandishi. Maneno matupu husahaulika. Mwulize MCA wako msimamo wake. Na leseni ya NEMA ikishatolewa, kuna siku 60 za kukata rufaa katika Mahakama Maalum ya Mazingira.

Vikao hivi huwa asubuhi siku ya kazi, na hujaa wazee na mawakili. Omba ruhusa siku moja. Jengo likishasimama, litakuwa pale hata ukiwa na wajukuu.