Je, Wajua kwa Nini Pijo 504 Nzuri Haimfai Kila Mnunuzi?

Gari la mtumba la kawaida huwa na bei hata kabla halijaonekana. Taja aina, mwaka na kilomita, na dalali wa Nakuru au Naivasha atakupa kiwango bila kufungua boneti, maana magari hayo yameshuka bandarini kwa wingi kutoka Japani na yanafanana kama maharagwe. Pijo 504 haipimwi hivyo. Mbili za mwaka 1982, moja iliyotunzwa na nyingine iliyoteswa, zitakuwa na umri ule ule, umbo lile lile, na pengine mita za kilomita zilizokufa zamani. Tofauti yao imejificha mahali ambapo mnunuzi wa kawaida hatazami. Kwa hiyo mwenye gari la namna hii lililo zima, hata akiwa huku Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, ambako wengi hutafuta pikipiki au pikapu ya kubebea mizigo, ana sababu ya kiuchumi, wala si ya mahaba tu, ya kumngoja mnunuzi anayelipenda gari hilo kama yeye.

Peugeot ilizindua 504 mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatajwa kuwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Hapa Kenya sifa yake haikutokana na tuzo. Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili yenye injini ya V6 mwaka 1978. Stesheni wagoni zake zilibeba abiria wa masafa marefu kwa miaka mingi, hadi jina "Pijo" likawa jina la usafiri wenyewe. Ufaransa iliacha kuunda saluni ya 504 mwaka 1983, lakini Mombasa iliendelea kuiunganisha kwa miaka mingi baadaye. Leo sheria hairuhusu kuingiza nchini gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo zilizobaki ndizo hizo hizo. Kila moja inayokatwa kuwa vyuma chakavu inaipunguza hesabu, na hakuna meli itakayoleta nyingine.

Sasa tazama ndani. Injini ya 504 ina bloku ya chuma na silinda hedi ya aluminiamu. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, ndiyo maana injini ikichemka vibaya hata mara moja hedi huweza kupinda na gasketi ikaungua. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kinachozuia maji ya redieta yasichemke mapema ni shinikizo linaloshikwa na kifuniko chake, kitu cha bei ndogo ambacho mwenye gari mzembe hukisahau. Mjuzi hufungua kwanza mfuniko wa oili na kuutazama upande wa ndani. Akikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, anashuku kwamba maji yamepenya kwenye oili. Kisha anakwenda kwenye chujio la hewa. Vumbi la pande hizi, chini ya Longonot na Olkaria, ni la volkeno, lenye chembe kali za kioo zinazokwangua silinda kama msasa. Habari njema ni kwamba silinda za 504 ni slivu zinazochomolewa: zikilika, fundi huweka mpya bila kutoboa bloku upya. Kabureta nayo humpa mjuzi la kusoma, kwa kuwa hewa ya Naivasha ina takriban asilimia 80 tu ya shinikizo la hewa ya Mombasa. Gari lililorekebishiwa pwani litakunywa petroli kupita kiasi na kuacha masizi meusi kwenye plagi. Plagi za rangi ya kahawia hafifu zinamwambia kwamba kuna mtu aliyejishughulisha.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza katika makala kinachotokea soko linapokosa macho hayo ya mjuzi. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na bovu hutoa bei ya katikati, bei ya woga. Mwenye gari zima huona anaonewa na kujiondoa, na sokoni hubaki mabovu. Akerlof alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, kwa sehemu kwa sababu ya makala hayo. Utasema, basi mjuzi ndiye mnunuzi mbaya kuliko wote, kwa kuwa ataziona kasoro zote na kuzitoa kwenye bei moja moja. Ni kweli atazitoa. Lakini atatoa bei ya gasketi, na yule mwingine atatoa bei ya kila kitu asichokijua. Kwa hiyo muuzaji anafaidika akitaja mwenyewe kutu iliyo chini ya kapeti, hata kabla sumaku haijapitishwa kwenye bodi kutafuta mahali palipozibwa kwa plasta. Akiisha kuionyesha, risiti za spea na daftari la sevisi huaminika zaidi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la muda. Wapenzi hawa ni wachache, na gari linalokaa haligandi tu likangoja: mipira ya breki hukauka, petroli huharibika, panya hujenga makao kwenye nyaya. Hapo nakubali kwamba kungoja kuna kikomo, na anayehitaji karo ya shule wiki hii hana haja ya nadharia. Hata hivyo wachache hao hukutana mahali panapojulikana. Shindano la magari yaliyotunzwa la Concours d'Elegance la Nairobi limekuwepo tangu 1970, na mashindano ya magari ya zamani ya Safari Classic yalianza 2003. Tangu 2021, Safari Rally ya dunia imewaleta mashabiki Naivasha yenyewe, wakipita Kedong na Hell's Gate, mwendo mfupi tu kutoka Kamere. Wengine wanaonya kwamba mapenzi ya pamoja huwafanya watu wapeane ufunguo kwa kuaminiana, na hilo ni onyo la haki. Sheria ya trafiki humhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo uhamisho wa umiliki kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri, ukamilishwe kwenye eCitizen hata kama mnunuzi ni rafiki.

Na gari lisipompata mjuzi? Atakuja atakayelinunua kwa kilo. Injini itang'olewa, bodi itakatwa, na ekseli itaishia chini ya mkokoteni wa punda unaobeba maji ya kuuza, magurudumu yakizunguka kwenye bearingi ambazo, kwa kuwa zilipakwa grisi kwa wakati wake, bado hazipigi kelele.