Kazi ya Bustani na Karatasi Zake

Katika miji yetu ya Handeni na Korogwe imeinuka kazi ambayo wazee wetu hawakuihesabu kuwa ni kazi ya kumlisha mtu na wanawe, nayo ni kazi ya kupamba viwanja. Zamani mwenye nyumba alipanda mwarobaini mmoja mbele ya mlango kwa ajili ya kivuli, na bibi wa nyumba akapanda asumini na rehani nyuma ya jiko, basi yakaisha. Leo nyumba nyingi zajengwa kandokando ya njia kuu, na wenye nyumba wataka ukoka uliokatwa sawasawa, michongoma iliyonyooshwa kwa kamba, na miashoki iliyosimama mstari mmoja kama askari. Ofisi, shule na zahanati nazo zataka hivyo hivyo. Vijana wetu wameiona nafasi hiyo. Ukipita Chanika au Kideleko utawaona na viriba vyao vya miche chini ya kivuli, keni la maji kando, na toroli moja wanaloazimana watu watatu.

Hapana ubaya katika kazi hiyo, bali ni kazi njema na ya halali. Lakini wengi katika vijana hao hudhani kwamba mwenye panga, mkasi na nguvu za mikono amekwisha timia. Mmoja wao, niliyemfundisha juzuu ya kwanza akiwa mtoto, aliniambia, “Maalim, mimi sina duka wala meza, leseni ya nini?” Swali hilo si la kuchekwa, maana wengi wanalo moyoni.

Hofu ya karatasi ya serikali katika sehemu zetu ina asili yake. Watu wa umri wangu wakumbuka kodi ya maendeleo, ambayo ilifutwa mwaka 2003. Kabla ya hapo mwanamume asiye na stakabadhi aliposikia kwamba mgambo wako njiani, aliingia porini. Kodi ile imekwisha, lakini mazoea ya kukimbia yamebaki, na baba amemrithisha mwanawe bila ya kumweleza sababu. Kwa hivyo kijana wa leo humkwepa afisa biashara hata kabla ya kujua afisa huyo anataka nini kwake.

Na tazameni hasara inayopatikana. Kijana huyo niliyemtaja alipata kazi ya kupanda bustani mbele ya jengo la taasisi moja. Alichimba, akaleta udongo mwekundu na samadi, akapanda ukoka na mawaridi, akamwagilia mwezi mzima. Siku ya malipo akaulizwa nambari yake ya mlipakodi, leseni na risiti. Hakuwa na hata kimoja. Ikabidi atafutwe mtu mwingine mwenye karatasi zilizotimia, ambaye hakushika jembe hata siku moja, fedha zikapita mikononi mwake, naye akamkatia kijana sehemu aliyoiona yeye kuwa yamtosha. Kijana alirudi nyumbani na kiasi kisichofika hata nusu ya jasho lake, wala hakuwa na mahali pa kushitaki, kwa kuwa katika karatasi zote jina lake halikuwamo.

Basi sheria yenyewe yasemaje? Leseni za biashara katika Tanzania Bara zinaongozwa na Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972, ambayo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Leseni ni za makundi mawili. Kundi A ni la biashara kubwa, zenye sura ya kitaifa na kimataifa, na hutolewa na BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni ulioanza kazi mwaka 1999. Kundi B hutolewa na halmashauri ya mahali, na hilo ndilo linalowahusu watu wa bustani. Aliye mjini Handeni huenda Halmashauri ya Mji. Aliye Mkata au Kabuku huenda Halmashauri ya Wilaya. Vivyo hivyo Korogwe, ambako mji una halmashauri yake na wilaya ina yake. Nimeona watu wakizungushwa siku mbili kwa kutolijua hilo tu.

Lakini leseni haiji kwanza. La kwanza ni kitambulisho cha taifa, au walau nambari yake, kwani bila ya hiyo milango mingine haifunguki. La pili ni nambari ya utambulisho wa mlipakodi, ambayo hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato. Kisha Mamlaka hiyo humkadiria mtu kodi yake, na kumpa hati ya kuthibitisha kwamba hadaiwi. La tatu ni jina la biashara. Hapa watu wengi hupoteza fedha bila ya haja. Mtu anayefanya kazi kwa jina lake halisi, bila ya kuliongeza neno, halazimiki kuandikisha jina BRELA. Akitaka kujiita Bustani Njema, au jina jingine lolote la kupendeza, hapo ndipo aandikishe, na uandikishaji wenyewe siku hizi hufanyika kwa njia ya mtandao bila ya safari ya Dar es Salaam. Akiwa na hayo, pamoja na hati ya mahali anapofanyia kazi, iwe ni mkataba wa pango au barua ya mwenye kiwanja, huomba leseni yake. Na leseni ni ya mahali na ya kazi iliyotajwa ndani yake. Mwenye kitalu Chanika akifungua kingine Segera atahitaji leseni ya pili. Tena ina mwisho wake, na kuihuisha ni wajibu wa mwenyewe.

Ama yule mdogo kabisa, anayeuza miche kumi au ishirini barabarani, serikali ilimfikiria kwa njia yake. Mwezi wa Desemba mwaka 1978 haikuwapo fikira hiyo, bali ilikuja Desemba mwaka 2018, vilipoanza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayapiti shilingi 4,000,000 kwa mwaka. Baadaye utaratibu ukabadilika, vikaja vitambulisho vya kidijitali. Mtu wa daraja hiyo na aulize katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yake kabla ya kuhangaika na leseni kamili.

Kodi nayo haikuwa jini kama inavyosimuliwa barazani. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Akivuka hapo hadi kufika 7,000,000, ikiwa haandiki hesabu, hulipa shilingi 100,000. Ikiwa anaandika, hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000 tu. Tuchukue muuza miche aliyeuza kwa shilingi 5,000,000. Asiye na daftari atalipa 100,000, na mwenye daftari atalipa 30,000. Tofauti ya shilingi 70,000 imeletwa na daftari la shilingi chache na kalamu. Nawauliza vijana waliokaa nasi madrasa miaka sita wakijifunza kuandika, wanaona uzito gani kuandika mauzo ya kila jioni?

Jambo jingine linalozusha ugomvi ni makato. Taasisi au kampuni inapomlipa mtu ujira wa huduma, sheria huiamuru izuie asilimia 5 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato kwa jina la mlipwaji. Kijana asiyejua huona kwamba amedhulumiwa, akaanza kutoa maneno makali kwa karani asiye na kosa. Atakalo haki yake na adai cheti cha makato hayo, kwa kuwa ndicho kitakachomfaa wakati wa hesabu ya mwaka.

Sasa yatupasa kuyatazama mambo ambayo leseni ya bustani haiyaruhusu, maana mengine yana hatari kwa watu wote. Kupanda maua na kukata ukoka ni kazi ya bustani. Lakini mwenye nyumba akisema, “Nijengee na ukuta wa kuzuia mmomonyoko, utandaze matofali, uchimbe na mfereji,” hapo kazi imeingia katika ukandarasi, na ukandarasi una Sheria yake Na. 17 ya mwaka 1997 na Bodi yake ya Usajili wa Makandarasi. Dawa za kuulia wadudu na magugu nazo si bidhaa ya kupimwa kwenye chupa za soda na kuuzwa pamoja na miche. Ziko chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na mamlaka yake yenye makao makuu Arusha. Chupa ya soda yenye sumu ndani ya nyumba yenye watoto ni msiba unaongojea siku yake.

Mamlaka hiyo ndiyo inayotoa vibali vya kuingiza mimea kutoka nchi za nje. Wako wanaoona kwamba hayo ni usumbufu, ua ni ua tu. Hawa na waulizwe habari za gugu maji. Mmea ule wa Amerika ya Kusini ulichukuliwa huku na huku duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake ya zambarau, upambe vidimbwi vya mabustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umeingia katika Ziwa Viktoria, ukaziba bandari, ukawazuia wavuvi kutoka na ngalawa zao. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hadi ziwani. Huko Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 bustani kubwa ya majaribio ya mimea kutoka pande zote za dunia. Faida yake ilikuwa kubwa kwa elimu, lakini baadhi ya miti na vichaka vilivyoletwa vilitoka katika mipaka yake na kuingia msituni, na hadi leo vinashindana na miti ya asili.

Walio Korogwe karibu na mto Pangani na wajue pia kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kitalu kikiwekwa pale kwa ajili ya wepesi wa maji, chaweza kung’olewa siku moja. Kuhusu viriba, niliulizwa na akina mama kama navyo vilikatazwa pamoja na mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Havikukatazwa, kwa kuwa vifungashio vya kilimo viliachwa nje ya katazo lile.

Anayeajiri ana wajibu juu ya mwajiriwa. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015, hupokea mchango wa mwajiri peke yake. Aliyekatwa kidole na mashine ya kukatia nyasi hafidiwi kwa pole.

Kuhusu makubaliano na mwenye bustani, mwenye kusoma Sura ya Al-Baqara anaijua aya ile ndefu ya madeni na jinsi inavyoamrisha kuandika na kushuhudisha. Na iandikwe miche mingapi, bei gani, nani anamwagilia, na mche ukifa ndani ya mwezi wa kwanza ni hasara ya nani. Hilo la mwisho ndilo lililovunja urafiki mwingi hapa kwetu kila jua la Januari linapokuja.

Nimalizie na lile ambalo vijana hulipenda zaidi, nalo ni mtaji. Wengi wetu twaiogopa mikopo kwa sababu ya riba, na ni haki kuiogopa. Lakini asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Aidha, sheria ya ununuzi wa umma iliamuru taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu, wakiwamo vijana na wanawake, na zabuni hizo sasa hupita katika mfumo wa kielektroniki uitwao NeST. Usafi wa viwanja na utunzaji wa bustani za ofisi humo humo hutangazwa. Mfumo ule haumwoni mtu asiye na nambari ya mlipakodi wala leseni. Anayekusudia kuuza miche ya masika ya Machi na ajaze viriba vyake tangu vuli, na katika wiki hiyo hiyo aende halmashauri kuuliza fomu.