Alipobisha hodi, tulinyamaza

Mwaka 2020 mhudumu wa afya ya jamii alipobisha hodi kwetu, mama alituashiria tunyamaze. Kenya ilikuwa imetangaza kisa cha kwanza cha corona Machi 13, na mtaani karantini, ambayo wengine walijilipia, iliogopwa kuliko homa yenyewe.

Septemba 2023 serikali ilizindua mikoba ya vipimo vya presha, sukari na uzani kwa wahudumu wapatao 100,000. Wetu akarudi, safari hii na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Kwa mpwa wangu wa miaka miwili ulionyesha manjano: chini ya sentimita 12.5, dalili ya utapiamlo. Mzazi, usiikatae dakika hiyo moja.

Sasa mama humpigia simu mwenyewe. Msamaha wa siku ile bado hajamwomba.